Siku Pasta Alipokaa Bila Kuomba

Pasta wetu alikuwa mtu wa maneno, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Alianza kuomba kabla hajavuka kizingiti. Ungesikia "Bwana asifiwe" geti likiwa bado linalia, na ukienda kumfungulia unamkuta ameshafumba macho, anaibariki nyumba, mapazia na vyombo vya jikoni. Chai uliyomwekea ilipoa. Nilimwambia mara nyingi, "Pasta, Mungu hanywi chai, anayekunywa ni wewe, basi kiombee kwanza kikombe." Alicheka meno yote nje, kisha akaendelea pale alipoachia.

Kanisa letu lilikuwa Malvern, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa duka la vipuri vya magari, karibu tu na Jules Street. Hata tukipiga deki namna gani, Jumapili jua likiwaka palinuka oili. Tulikuwa Warundi wengi, Wakongo, Watanzania wachache, na Wakenya wawili watatu waliokuja kutoka mbali na magari yao mazuri kwa sababu walikuwa na hamu ya kuimba kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa shemasi. Kazi yangu ya siku zote ilikuwa cherehani: napunguza suruali, nabadilisha zipu, nashona sketi za shule, yote hayo sebuleni kwangu.

Mmoja wa Wakenya hao, ndugu aliyefanya kazi benki huko Midrand, ndiye aliyetuletea habari za mafunzo. Karibu na ofisi yake palikuwa na chuo kilichofundisha wachungaji wa mijini, si wale wanaoanza, bali wale waliokwisha kuchunga watu miaka mingi na kuona kwamba mji umewazidi. Kila Jumatatu, mwaka mzima. Kwenye mkutano wa kanisa wengine walikunja uso. Pasta ameshawekewa mikono, anakwenda kusomea nini tena? Mimi nilisimama nikasema aende. Nilikuwa natembelea watu pamoja naye na nilikuwa nimeona mambo. Tuliwahi kwenda kwa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ameanza kuvuta madawa. Pasta alisoma Zaburi, akasoma nyingine, akaomba, tukaaga, na yule mama hakupata nafasi hata ya kutuambia mtoto alilala wapi usiku uliopita. Nilirudi nyumbani na uzito kifuani. Kwa hiyo kwenye mkutano nilisema, nikarudia, nikabishana na wazee, mpaka wakachoka kunisikiliza wakamruhusu.

Mabadiliko yalianza taratibu. Mahubiri yalifupika, jambo ambalo watoto walilifurahia. Kisha yakaja maswali. Mtu akimwambia amefukuzwa kazi, badala ya kusema Mungu atafungua mlango mwingine, Pasta alimtazama machoni akauliza, "Na wewe hilo unalibebaje?" Watu walibaki wanamwangalia. Kubeba nini? Mzee mmoja alinivuta pembeni akaniambia, "Shemasi, huyu mtu wamemfanya nini huko? Nimemwambia mgongo unaniuma, ananiuliza mgongo unaniambia nini." Nilimtetea. Nilisema hayo ndiyo masomo ya juu, tumpe muda. Moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nimewaharibia watu pasta wao.

Lakini wasiwasi wangu mkubwa haukuwa Pasta. Ulikuwa mume wangu.

Alikuwa na spaza huko Soweto, duka dogo ndani ya gereji ya mama mmoja mzee wa Kizulu, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mume wangu aliuza mkate, maziwa, sabuni, sigara moja moja. Alilala hukohuko nyuma ya friji, akaja nyumbani Jumapili kwa ibada, akaondoka jioni. Kombe la Dunia lilikuwa limeshapita, na tangu kabla halijaanza watu walikuwa wakituambia, wengine kwa utani na wengine bila utani wowote, kwamba watalii wakishaondoka na mpira wao, na sisi tutafuata. Kila baada ya muda tulisikia duka la fulani limevunjwa, leo la Msomali, kesho la Mrundi. Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa kelele, nikanuna wiki nzima. Nilimwambia nitamfundisha cherehani, tufanye kazi pamoja hapa nyumbani. Jibu lake lilikuwa moja tu, "Nikifunga, nitakuwa nani?" Nikamjibu kwamba atakuwa baba wa binti yake, tena baba aliye hai. Alivaa koti akaondoka. Ndivyo tulivyoishi, yeye na friji yake, mimi na simu yangu.

Wiki ile habari zilikuwa mbaya. Walisema vijana wamepita usiku wakiwaambia wageni wafunge. Jumatatu jioni nilimpigia, akaniambia mtaa umetulia. "Sharp," alisema, "hakuna shida." Neno hilo alilichukua kwa vijana wa Soweto, na alilitumia kunituliza. Mimi nikilisikia tu, silali, kwa sababu mambo yakiwa mazuri kweli hakunituliza, alinigombeza kwa kutumia muda wake wa simu.

Jumanne, asubuhi ikiwa imechangamka, nilikuwa kwenye cherehani. Geti likalia. Nikasubiri "Bwana asifiwe" na sikuisikia. Nilipoinua kichwa, Pasta alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeusi, ameshika simu, anaizima.

"Karibu, Pasta."

"Asante, Mama Shemasi."

Akaingia, akachukua kiti cha karibu na mlango, akakaa. Hakuomba. Aliweka mikono kwenye magoti akanitazama.

Hapa lazima nieleze jambo, maana asiyelijua ataniona mwendawazimu. Kwetu Burundi, na kwa Wakongo wa upande ule wa ziwa ni vivyo hivyo, habari ya kifo haitumwi kwa simu ikiwezekana. Hutafutwa mtu mzima wa kuheshimika, mara nyingi mchungaji, naye haingii akaropoka. Anaingia taratibu, anakaa karibu na mlango, hagusi chai. Anauliza uko na nani nyumbani, kwa sababu hawezi kukuangusha ukiwa peke yako. Anaangalia chini. Anaacha kimya kifanye kazi, ili wewe mwenyewe uifikie habari kabla hajaitamka. Mimi nimeletewa hivyo msiba wa baba yangu, na wa dada yangu. Mwili wangu unaijua hali ile kabla kichwa hakijaelewa.

"Uko na nani hapa nyumbani?" Pasta akauliza.

Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Niko peke yangu," nikasema. "Mtoto yuko shule."

Akatikisa kichwa polepole. Nikamwambia ngoja nimletee chai. Akasema, "Hapana, Mama. Keti tu." Pasta huyu, akatae chai! Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Baba watoto, mara ya mwisho mmezungumza lini?"

"Jana jioni."

"Jana jioni," akarudia, na akaangalia chini.

Nilitaka kuuliza na sikuuliza. Madamu sijauliza, mume wangu alikuwa bado hai, na ni mimi niliyekuwa nikimweka hai kwa kufunga mdomo. Nilimtazama Pasta midomo. Kila alipovuta pumzi nilijua sasa anasema, na hakusema. Nje mtu alikuwa akiosha gari, redio imefunguliwa mpaka mwisho, nikamchukia mtu yule na gari lake. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku tulipovuka mpaka.

Mwishowe nguvu ziliniishia. Nilivua kitambaa kichwani, nikashuka kwenye kiti, nikakaa sakafuni, kama wanavyokaa wafiwa kwetu. Na Pasta, badala ya kushtuka na kuniuliza nina nini, naye akashuka na koti lake zuri akakaa sakafuni kando yangu.

Hapo nikajua nimekuwa mjane. Sikupiga kelele. Machozi yalitoka yenyewe, na nilikuwa nikiwaza ni nani atakayempigia mama yake huko Bujumbura.

Jirani yangu wa chumba cha uani, dada wa Kikongo niliyeimba naye kwaya, alikuja kuchukua sketi ya mtoto wake. Alichungulia mlangoni. Akaniona mimi chini, kichwa wazi, uso umelowa, na Pasta chini kando yangu. Hakuuliza chochote, na nani angeuliza? Aliweka mikono kichwani akapiga yowe lililofika Jules Street, akimlilia mume wangu, mtu mwema, baba wa watu. Pasta aligeuka akamtazama. Uso wake ukabadilika, na yeye akaanza kulia. Alilia kwelikweli, na mabega yakitikisika. Nilipomwona Pasta mzima analia namna ile, nami nikazidi.

Muda si muda nyumba ilijaa. Akina mama wa kanisa walikuja kutoka kwenye meza zao za biashara huko barabarani, wengine bado wana mikoba ya chenji kiunoni. Kochi likatolewa uani, godoro likatandikwa sebuleni, cherehani ikasukumwa kona na sketi ya watu ikiwa bado iko kwenye sindano. Mtu akabandika sufuria kubwa. Wimbo ukaanza. Mama mmoja alinikanda mgongo akiniambia nilie, nisibakize kitu ndani. Nilifanya kama nilivyoambiwa. Wafiwa wana utaratibu wao, na mtu akiufuata anabebwa nao.

Kisha yule ndugu Mkenya akapiga simu kutoka ofisini kwake. Alikuwa ameshapata ujumbe, na yeye kwa kuwa ni mtu wa benki, hakukaa sana kwenye machozi. Alimpa dada wa Kikongo pole, kisha akauliza mwili uko wapi, ili aanze kushughulikia. Dada akageuka akaniuliza mimi. Mimi nikamwonyesha Pasta kwa kidole. Nyumba nzima ikamgeukia Pasta.

Pasta alifuta uso. "Mimi sijui," alisema. "Habari mmeipata kwa nani?"



"Si wewe uliyeileta?" nikamuuliza.

"Mimi?" alisema. "Mama, mimi nilikuja kukutembelea tu."

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mama mmoja wa jikoni ambaye hakusikia aliendelea peke yake, mpaka mwenzake akamshika mkono.

Ikajulikana hivi. Chuoni walikuwa wamepewa zoezi. Nenda kwa mtu wa kanisa lako aliyebeba hofu. Zima simu. Keti. Usiombe mpaka uombwe, usitoe andiko, usijaze kimya kwa maneno yako. Uliza machache, kwamba ana nani karibu naye, kwamba anawasiliana vipi na wapendwa wake. Mfuate mahali alipo. Halafu Jumatatu uje uwasimulie wenzako ulichosikia. Pasta alinichagua mimi kwa sababu alijua mume wangu yuko Soweto na mimi silali. Niliposhuka sakafuni alidhani zoezi linafanya kazi. Aliambiwa anifuate nilipo, akanifuata. Na dada wa Kikongo alipopiga yowe, Pasta, ambaye simu yake ilikuwa imezimwa, aliamini kwamba dada ndiye aliyekuja na habari ya kifo.

Watu wamecheka sana tangu hapo. Alipolisimulia darasani, alituambia baadaye, mchungaji mmoja kutoka Bukavu ilibidi atoke nje ajishike ukuta, na mwalimu alisubiri darasa litulie kisha akamuuliza Pasta, "Na wewe hilo unalibebaje?" Lakini siku ile kwangu hapakuwa na aliyecheka. Nilichukua simu nikampigia mume wangu.

Iliita. Iliita kwa muda mrefu. Kisha mtu akapokea, na hakuwa yeye.

Ilikuwa sauti ya kijana, nyuma yake kelele na muziki. Alisema kitu kwa Kizulu, akacheka, akakata. Nilibaki nimeishika simu sikioni. Akina mama wote walikuwa wananitazama, na nadhani uso wangu uliwaambia, kwa sababu aliyekuwa amesimama alikaa.

Wakati huo binti yangu aliingia kutoka shule, begi mgongoni, akaona kochi uani na godoro sebuleni. Kiswahili anakielewa lakini hakisemi. Aliuliza kwa Kiingereza ni nani amekufa. Mimi nikampa simu. Nikamwambia, "Mpigie baba. Akipokea mtu mwingine, zungumza naye, wewe unakijua Kizulu." Alipiga. Ikapokelewa. Akazungumza kwa heshima, jinsi anavyozungumza na walimu wake, akauliza, akasikiliza, akauliza tena. Halafu simu ikazimwa upande wa pili, na haikuwaka tena.

"Anasema simu ni yake," binti yangu akaniambia. "Nimemuuliza mwenye duka yuko wapi. Anasema hakuna duka."

Pasta alisimama kabla sijamtuma. Alikuwa na kombi aliyopelekea watoto wa watu shule, ndiyo iliyomlisha siku za kazi. Wazee wawili wa kanisa wakapanda naye. Mlangoni aligeuka, akafungua mdomo, na nikaona kwamba hajui kama aombe au asiombe. Nikamwambia, "Nenda, Pasta. Utaomba kwenye robot." Ndivyo tunavyoziita hapa taa za barabarani, na wazee walisema baadaye kwamba kweli aliomba kwenye kila moja, mpaka wa nyuma wakampigia honi.

Kusubiri kule sina namna nzuri ya kukueleza. Nilipokuwa mjane nilijua la kufanya. Sasa sikujua. Kama yuko hai, mbona nimekaa kwenye godoro la msiba? Kama amekufa, mbona hawaimbi? Akina mama nao walikwama. Mmoja alitaka kurudisha kochi ndani. Mwingine akamwambia kwa sauti ya chini, "Liache kwanza, tusije tukalitoa tena." Nilimsikia. Sikumkasirikia, maana nami nilikuwa nimeshawaza hivyo. Sufuria ilichemka, wakanipa chai, nikaishika mpaka ikapoa. Binti yangu alikaa amenikalia karibu sana, akibonyeza namba ya baba yake tena na tena.

Pasta alipiga mara moja tu. Alisema wamefika, mlango wa gereji umeng'olewa, ndani hakuna hata rafu, na mtaa umejaa watu wanaotazama. Alisema wanauliza nyumba kwa nyumba. Kisha akakata. Mimi nilibaki na hilo neno, wanauliza. Mtu hauliziwi nyumba kwa nyumba kama yuko mahali pazuri.

Ilikuwa majira ya baridi na jua linazama mapema. Giza lilikuwa linaanza kuingia tuliposikia kombi. Sikutoka nje. Nilitazama mlango. Waliingia wazee, akaingia Pasta, na nyuma yake akaingia mume wangu, amevaa sweta ya Gogo, ya waridi, yenye vifungo vya kike, mikono imemfikia kwenye viwiko.

Alisimama akawatazama watu. Alitazama godoro, sufuria, kitambaa changu kilichokuwa bado sakafuni.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," dada wa Kikongo akamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kitu ambacho alikuwa anakijua.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nilimshika kola ya sweta nikamtikisa, nikamtikisa tena, mpaka akina mama wakanitoa mikono. Yeye hakujitetea. Binti yangu alimkumbatia kiunoni akabaki hapo.

Watu walikunywa chai ya msiba, maana ilikuwa imeshaiva, wakarudisha kochi, wakaaga. Walimgusa mume wangu begani walipokuwa wakitoka, mmoja mmoja. Tukabaki yeye, mimi na Pasta, na binti yetu ambaye usingizi ulimchukua kwenye kochi. Nikamuuliza mume wangu kimetokea nini.

"Sharp," alisema. "Hakuna shida."

Hasira iliyonipanda hapo sikuweza kumwelekezea yeye, hali yake ilivyokuwa. Nikamgeukia Pasta, na nilimtolea uvivu. Nilimwambia ndiyo, ni mimi niliyesimama mkutanoni nikasema aende Midrand. Nilimwambia nilidhani atafundishwa kusikiliza watu, si kuwaua wakiwa wazima. Nilimwambia pasta anayeingia nyumbani kwa mtu bila kuomba ni sawa na polisi anayeingia na barua. Alisikiliza yote, ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Sasa omba. Omba kama zamani. Ombea hata mapazia."

Pasta hakufumba macho. Alimtazama mume wangu.

"Mzee," alimwambia, "nikuombee nini?"

Mume wangu hakujibu. Mimi nilikuwa na majibu tele. Nilivuta pumzi nianze, na Pasta aliinua kiganja kidogo tu, bila kunitazama, nami nikanyamaza kwa uchungu. Tulikaa. Niliona aibu, sijui kwa nini, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Kile kimya cha asubuhi kilikuwa kimerudi, ila sasa kilikuwa kwa mume wangu, na yeye alikuwa akivutavuta uzi wa ile sweta.

"Gogo alinisukuma kabatini chumbani kwake," akaanza. "Akafunga chumba kwa ufunguo, akaketi nje ya mlango na kiti chake, asimwambie mtu nilipo mpaka alipokuja Pasta. Nilimsikia akiwatukana mmoja mmoja na majina ya mama zao." Akanitazama. "Niliwasikia wakiivuta friji. Mama, nilikuwa kabatini na sikukuwaza wewe. Sikumwaza mtoto. Niliwaza kwamba hawajaichomoa, watakata waya. Nilitaka nitoke niwaambie wachomoe kwanza. Nilishika kitasa, nikakizungusha. Gogo asingefunga, ningetoka."

Alicheka kidogo, halafu uso ukamkataa akaanza kulia. Ni mume wangu wa miaka mingi, na kulia kwake nilikuwa sijawahi kukusikia.

"Pasta," alisema, "omba nisirudi. Kesho nikiamka nitarudi, najijua. Omba nisirudi."

Pasta alifumba macho. "Bwana," alisema, "mzee asirudi. Amina."

Nilingoja aendelee na hakuendelea. Alivaa koti, akatushika mikono, akaenda zake.

Usiku ule nililala kama sijalala miezi. Nilijiambia imekwisha. Ameomba mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mtu wa Mungu. Hata chumba kilikuwa na joto kwa sababu alikuwemo.

Asubuhi nilimkuta jikoni ameshavaa. Alikuwa anakunywa chai amesimama. Alisema anakwenda kumsaidia Gogo kurudisha mlango wa gereji, hawezi kumwacha mama wa watu na nyumba iliyo wazi. Alisema pia kuna mtu anayeuza friji iliyotumika, si mbaya, ataitazama tu.

"Umeomba usirudi," nikamwambia.

"Nimeomba," alisema. "Na wewe ulisikia."

Alikwenda mlangoni akasimama, koti mkononi, hatoki, akiningoja niseme. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo ulimini, na nilijua nikilitamka atakaa. Atakaa pale kwenye kochi, mwaka huu na mwaka ujao, akinitazama nikipunguza suruali za watu. Niliogopa, nikalimeza. Nikamfungia chapati mbili kwenye karatasi, kwa kuwa huko dukani hakukuwa kumebaki cha kula.